Majuu Yetu Yanaanzia Sirari

Oya wanangu wa Kisaka huku Serengeti, muulize mshikaji yeyote kitaani majuu ni wapi. Atakutajia Dubai au Marekani, halafu huyo, anarudi kijiweni kwenye boda kusubiri mchongo. Freshi, ndoto haina nauli. Ila mi majuu nimeyaanzia Sirari, mpakani: unavuka Mto Mara, unaibukia Tarime mjini, unadandia Hiace, muhuri unagongwa, tayari uko Isebania, Kenya. Ng'ambo unakuta Wakuria kibao, wengine wajomba zako kabisa. Kinachobadilika ni mkwanja. Shilingi yao moja inameza karibu 20 zetu, kwa hiyo bunda lako la 50,000 linageuka noti tatu hivi. Unazikunja mfukoni roho inauma.

Kanairo sasa, yaani Nairobi, manze! Kwa sisi wa huku iko karibu kuliko Dar, ila kichwa kinagoma kuamini. Cheki nganya (matatu) za Rongai: michoro mwili mzima, taa za rangi, runinga, besi inagonga kifua mpaka unasahau umekaa na mizigo ya nani. Hiyo sanaa iliwahi kuzimwa. Mwaka 2004 sheria za waziri John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, michoro ikafutwa. Ikapata baraka upya mwishoni mwa 2014, Uhuru Kenyatta alipowatetea madogo wanaochora. Tatizo nauli haina adabu. Asubuhi soo, mvua ikidondoka makanga anadai soo mbili, na ukibisha anakukagua kama umekuja na nyumbu wa Serengeti. (Kwa upande wangu hajakosea sana.)

Kisumu haina mawenge. Ziwa ni lile lile la Musoma, ila pale Dunga samaki analetwa mzima mzima na ugali, unadishi kwa mikono na hakuna mse anakukimbiza.

Kampala ilinitoa jasho. Stendi yao ya zamani ya taksi ni bahari ya vihaisi vyeupe, ukiuliza njia unaelekezwa kila upande. Lakini rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, hapo nasalimu amri.

Halafu Kigali, ambako magari yanapita kulia. Sisi tuliozoea kupiga mishikaki, watu watatu juu ya boda, tunashangaa kuvalishwa helmeti, na abiria ni mmoja tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, maduka kimya, watu wako umuganda kwenye kazi za jamii. Mshikaji wangu anaona hayo ni maisha ya jeshini. Mi naona stendi zetu zingeonja hiyo dozi hata mara mbili kwa mwaka, tungepumua.

Noma iko kwenye makaratasi. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, Bongo hatumo. Ndiyo maana madogo kibao wanapita njia za panya. Acheni hizo, ukidakwa ugenini huna hata wa kumpigia. Pasipoti ni 150,000, inadumu miaka 10, na wengi wenu mna simu ya bei hiyo mkononi. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama ndiyo safari ya kwanza, anza na Kisumu. Kanairo nenda na mtu anayeijua.