Taji Halifuti Machozi

Mara nyingi sisi akina mama tukimwona mwanamke mwenye cheo na nyumba kubwa husema moyoni, "Huyu hana shida." Mchezo wa kuigiza uitwao Queen Anne unatuonyesha vingine. Uliandikwa na Helen Edmundson, ukaonyeshwa Stratford-upon-Avon, Uingereza, mwaka 2015, na baadaye London mwaka 2017.

Anne alirithi kiti cha enzi mwaka 1702, akiwa na miaka 37. Siku ya kutawazwa alibebwa kwenye kiti, kwa maana ugonjwa wa jongo ulimzuia kutembea. Lakini maumivu makubwa yalikuwa moyoni. Alikuwa ameshika mimba mara 17. Nyingi ziliharibika, au mtoto alizaliwa amekufa. Mwaka 1687 binti zake wawili wadogo walifariki kwa ndui, wakifuatana kwa siku chache. Mwanawe William peke yake ndiye aliyekua, naye alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11.

Mwanamke huyu ndiye aliyekabidhiwa vita, ugomvi wa vyama bungeni, na kuunganishwa kwa Uingereza na Scotland mwaka 1707. Nani angemtegemeza?

Alikuwa na rafiki tangu utoto, Sarah Churchill. Waliitana Bibi Morley na Bibi Freeman, ili cheo kisiwatenganishe. Lakini Sarah alitaka malkia afuate chama alichokipenda yeye. Alipokataliwa, alimkaripia. Cha ajabu, Sarah naye alimzika mwanawe mwaka 1703. Hata hivyo msiba haukuwapatanisha. Mume wa malkia alipofariki mwaka 1708, Sarah aliiondoa picha yake chumbani mwa mjane. Malkia akamwegemea mtumishi mpole, Abigail, ndugu ya Sarah. Mwaka 1711 Sarah alivuliwa vyeo vyake vya ikulu.

Dada mpendwa, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika kazi ya uuguzi nimewaona akina mama wakilia wodini, kisha wakaumizwa tena nyumbani kwa maneno: "Nyamaza, utapata mwingine," au "Umefanya nini hata mimba zitoke?" Mimba kuharibika si laana, wala si aibu ya mama. Zikiharibika mara mbili au zaidi, mama na mumewe waende hospitali pamoja wakapimwe, kwa sababu baadhi ya visababishi hutibika.

Nasi majirani tufanye nini? Tumpelekee uji, tumfulie nguo, tuketi naye hata bila maneno. Kama mtoto alipewa jina, tulitaje. Na wageni wakishaondoka, wiki ya tatu au ya nne, turudi tena kubisha hodi. Sarah alikuwa hodari wa kutoa ushauri, lakini Anne alihitaji mtu wa kukaa naye.