Koltani si ya simu tu: inapima pia asidi ya maziwa

Kivu ya Kaskazini, wengi wanajua koltani kama madini ya simu. Lakini tantali inayotolewa humo, ikiunganishwa na oksijeni, inapima pia pH, yaani ukali wa asidi, ndani ya maziwa, nyama ao udongo.

Kipimo cha kawaida ni cha kioo, na kioo kikivunjika ndani ya chakula ni hatari. Mwaka 1970, Piet Bergveld wa Uholanzi alionyesha njia ingine: kipande kidogo cha elektroniki kinachogusa maji yenyewe. Oksidi ya silisi iliyotumiwa mwanzoni haikutulia. Ya tantali ilifaulu zaidi: uso wake unapokea na kuachilia chembe za asidi, na kila hatua moja ya pH inabadilisha umeme kwa milivolti karibu 58. Kwenye joto la nyuzi 25, kipeo ni 59.

Safu hiyo ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo si yenyewe inayopandisha bei ya koltani huko Rubaya. Hata hivyo, teritware hiyo hiyo ya Masisi inatengeneza jibini, kazi inayohitaji kujua saa maziwa yamefikia asidi inayofaa. Koltani inatoka Masisi ikiwa mchanga. Kifaa, anayekitaka anakiagiza ng'ambo.