Sindano ya kila wiki, fedha ya msimu

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, Mtwara huchangamka. Malipo yanaingia kupitia vyama vya msingi, mabati mapya yanang'aa Tandahimba na Newala, na wafanyabiashara wa Masasi hadi Msimbati wanajaza maduka. Katika msimu wa 2024/25 kilo moja ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 mnadani. Kwa kaya nyingi, fedha hiyo haifiki mbali baada ya masika. Anayetaka kuuza chochote ukanda huu, kuanzia simu hadi dawa, huanza kwa kuhesabu miezi.

Dawa mpya za kupunguza uzito hazina msimu. Semaglutide ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa jina la Ozempic kutibu kisukari, kisha 2021 kwa jina la Wegovy kutibu unene uliokithiri. Mgonjwa hujichoma mara moja kwa wiki kwa kifaa chenye umbo la kalamu. Dawa huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Katika utafiti mkubwa wa kwanza, waliochomwa kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito wao. Tirzepatide ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani imepunguza zaidi ya hapo. Biashara hii ndiyo iliyoifanya Novo Nordisk, mwaka 2023, kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote Ulaya.

Sasa tupige hesabu ya kusini. Bei iliyotangazwa ya Wegovy ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,500 hivi, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 3.3, sawa na kilo 800 na ushee za korosho kwa bei ile nzuri ya mnadani. Kwa mwezi mmoja tu. Na mwezi mmoja hautoshi: wagonjwa walioacha sindano walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka. Mkulima anaweza kununua pikipiki kwa fedha za Novemba akaiendesha hadi Agosti. Dawa hii haimpi nafasi hiyo.

Wahitaji wapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Pwani, hata hivyo, mwili mnene umehesabiwa kwa vizazi kuwa dalili ya kula vizuri na kutunzwa, na tangu miaka ya Ukimwi kukonda ghafla kumezua minong'ono mitaani. Watu wengi huanza kuuogopa unene siku daktari anapotaja presha au sukari.

Pengo kati ya hofu hiyo na mfuko limejazwa na chai za kupunguza tumbo na vidonge visivyo na jina la mtengenezaji, vinavyotangazwa mtandaoni na kufikishwa kwa basi. Hapa ndipo penye hatari. Sibutramine, dawa iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, imegunduliwa mara nyingi katika nchi mbalimbali ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama bandia imepenya huko, hakuna sababu ya kuamini itashindwa njia za mpakani za Kilambo na Mtambaswala.

Duka la kuzuia hilo lilizaliwa jirani. Mwaka 2003 mkoa wa Ruvuma ulianzisha maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliopewa mafunzo, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mtwara ulifuata mapema. Yamewasaidia sana wenye malaria na watoto wanaoharisha. Lakini sindano hii inahitaji cheti cha daktari, vipimo, ufuatiliaji wa kichefuchefu na matatizo ya kongosho, na jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuanza kutumiwa. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, malori yalikwama kwa siku kadhaa. Shehena ya namna hii ingekuwa hatarini njiani.

Bei, angalau, italegea. Watafiti walikadiria mwaka 2024 kuwa semaglutide ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5. Hataza yake nchini India, nchi inayoiuzia Tanzania sehemu kubwa ya dawa zake, ukomo wake ni Machi 2026, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari aina ya pili walio pia na maradhi ya moyo au figo, pamoja na unene uliokithiri.

Ikija kwa bei hiyo, mlango wake wa kwanza usiwe mkoba wa mchuuzi. Uwe kliniki za kisukari za Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kwa wagonjwa ambao moyo na figo zao tayari zimeelemewa. Njia ya ubaridi haihitaji kubuniwa upya: insulini nayo hutunzwa kwa nyuzi zilezile 2 hadi 8.