Mgonjwa Aulizwe: Namna ya Kupima Kuridhika kwa Wagonjwa na Matibabu

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo inahimiza ukarimu, kwamba mwenye shida asaidiwe bila ya kungojewa aombe. Katika utumishi wa hospitali, hata hivyo, haifai kufanywa kanuni, kwani wahenga hao hao walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua foleni ilivyokuwa, lugha aliyosemeshwa, na iwapo alifahamishwa namna ya kutumia dawa zake, ni mgonjwa mwenyewe.

Lakini kuuliza nako kuna taratibu zake. Mgonjwa akiulizwa na muuguzi yule yule aliyemhudumia kama ameridhika, atajibu kwa adabu kwamba ameridhika. Na pengine atajibu hivyo kwa hofu, akijua kwamba atarudi hapo hapo mtoto akipata homa. Jibu la namna hiyo halimsaidii mgonjwa wala mtumishi. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia hojaji zilizothibitishwa, yaani maswali yaliyokwishajaribiwa na kuonekana yanafaa.

Hojaji inaweza kufananishwa na pishi ya sokoni. Sharti la kwanza la pishi ni kutoa kiasi kile kile kila inapotumika. Sharti la pili ni kwamba kiasi hicho kiwe pishi kweli, kwani pishi iliyotiwa kitako cha uongo hutoa kiasi kimoja kila siku, lakini ni kiasi cha dhulma. Vivyo hivyo hojaji hutakiwa itoe majibu yasiyoyumba, na ipime kuridhika hasa, si adabu wala woga wa anayejibu.

Miongoni mwa hojaji zinazojulikana sana ni ile iitwayo PSQ-18, iliyotolewa mwaka 1994 na Grant Marshall na Ron Hays wa taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani. Hojaji hiyo ina sentensi 18, na mgonjwa huchagua jibu moja kati ya matano, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Sentensi hizo zimegawanywa katika mafungu saba: kuridhika kwa jumla, ujuzi wa tiba, namna mgonjwa anavyotendewa, mawasiliano, gharama, muda anaopewa na daktari, na wepesi wa kupata huduma.

Mgawanyo huo una maana kubwa. Tuseme mgonjwa ametoa alama 5 kwa namna alivyotendewa na alama 1 kwa wepesi wa kupata huduma. Wastani wake ni 3, na anayeutazama peke yake atadhani mambo ni ya kadiri, wala hatajua kwamba wauguzi wanastahili shukrani na kwamba ratiba ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Aidha, baadhi ya sentensi zimeandikwa kwa kusifu na nyengine kwa kulalamika. Atakayetia alama ya kukubali kila mahali bila ya kusoma atakuwa amejipinga mwenyewe, na hilo litaonekana wakati wa kuhesabu.

Ifahamike kwamba hojaji iliyothibitishwa ughaibuni haiwi imethibitishwa hapa kwa kufasiriwa tu. Kabla ya kutumiwa, inapasa yafuatayo yatimizwe:

(a) Ifasiriwe kwa Kiswahili, kisha mtu mwengine asiyeiona asili airejeshe katika lugha yake ya kwanza, na tofauti zisahihishwe.

(b) Ijaribiwe kwa wagonjwa wachache, wa mjini na wa shamba, waeleze kila sentensi wameifahamu vipi.

(c) Maswali ya gharama yatazamwe upya. Asiyelipa dirishani huenda amelipa nauli, au amenunua dawa nje.

(d) Majibu yahesabiwe ili ijulikane kama sentensi za fungu moja zinakubaliana. Kipimo cha Cronbach, cha mwaka 1951, hutumika kwa kazi hiyo, na aghlabu 0.70 na zaidi hukubaliwa.

Mwenye kuuliza asiwe mtoa huduma, na jina la mgonjwa lisiandikwe. Asiyejua kusoma asomewe faraghani, na anayekataa kujibu asinyimwe chochote.

Hata hivyo, kuridhika si kupona. Mgonjwa anaweza kufurahia sindano asiyoihitaji, na akamchukia daktari aliyemwambia ukweli. Kwa hiyo matokeo ya hojaji husomwa pamoja na kumbukumbu za tiba. Ndiyo sababu pia hojaji nyengine huuliza yaliyotokea badala ya kuuliza furaha peke yake. Ile ya hospitali za Marekani iitwayo HCAHPS, ambayo matokeo yake yalianza kutangazwa hadharani mwaka 2008, humuuliza mgonjwa ni mara ngapi madaktari walimsikiliza kwa makini.

Watumishi wasiione hojaji kuwa ni hati ya mashitaka. Majibu yasiyo na majina hayamtaji mtu. Yanaonesha mahali pa kutengeneza. Wananchi nao wanapoulizwa waseme yaliyowafika, mazuri na mabaya, kwani sifa ya uongo huficha dosari, na dosari iliyofichwa humngojea mgonjwa anayefuata.