Mtoto asiyeona: Kifaa cha ubongoni bado, nukta nundu zipo

Mzazi mwenye mtoto asiyeona siku hizi hakosi kutumiwa video kwenye simu: mtu aliyepoteza uoni amewekewa kifaa kichwani, sasa anaona. Swali linalofuata huwa moja: je, na mwanangu atasaidika?

Habari hizo zina ukweli, ila zisomwe taratibu.

Seli za ubongo hupeana taarifa kwa umeme mdogo mno, na eneo la kuona liko upande wa kisogoni. Mwaka 1968, nchini Uingereza, Giles Brindley na Walpole Lewin walieleza kuwa walimpandikizia mama mmoja asiyeona kifaa katika eneo hilo. Umeme ulipopita, aliona vinukta vya mwanga.

Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández, Hispania, walichapisha habari za mama mwingine, aliyekuwa ameishi bila kuona kwa miaka 16. Kifaa chake kilikuwa na vijisindano 96 na kilikaa kwa miezi 6. Aliweza kutambua baadhi ya herufi.

Kazi ya kompyuta

Ugumu uko kwenye kipimo. Umeme ukiwa kidogo, mtu haoni kitu. Ukizidi, unaweza kuleta kifafa. Ndiyo maana vijisindano hivyo pia husikiliza. Hurekodi umeme wa seli za jirani, kisha kompyuta hulinganisha rekodi hizo na kile mhusika anachosema amekiona, hadi iweze kukadiria hata kabla hajasema. Ni kama mzazi anavyojifunza vilio vya mtoto mchanga: hiki cha njaa, hiki cha usingizi.

Aliyezaliwa haoni

Mama yule wa Hispania aliwahi kuona, hivyo ubongo wake ulikwishajifunza kazi hiyo. Mtoto aliyezaliwa haoni hakupata nafasi hiyo. Lakini eneo lake la kuona halilali. Mwaka 1996, Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kuwa watu wasioona tangu utotoni wanaposoma nukta nundu kwa vidole, eneo hilohilo hufanya kazi.

Mwaka 2000 ikaripotiwa habari ya mama aliyezaliwa haoni, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepata kiharusi katika eneo hilo. Vidole vyake vilibaki na hisia, lakini hakuweza tena kusoma.

Hivyo, mtoto anayepapasa nukta nundu katika Shule ya Msingi ya Wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, analipa eneo hilo kazi ya kufanya. Anayefichwa ndani akisubiri kifaa anapoteza miaka ambayo ubongo hujifunza kwa wepesi zaidi.

Mzazi afanye nini?

- Ukiona weupe ndani ya mboni, au mtoto hafuatishi vitu kwa macho, mpeleke hospitali haraka. Huenda ni mtoto wa jicho, au saratani. Vyote huhitaji matibabu ya mapema.
- Ikithibitika haoni, ulizia nafasi ya shule katika ofisi ya elimu ya wilaya.
- Nyumbani, vizoeze vidole vyake: achambue karanga, ahesabu punje za mahindi, atambue nguo zake kwa kushika.