Vidoa Visivyohama

Kijana mmoja mpiga picha za harusi aliniletea kamera yake, uso umemshuka. "Shikamoo fundi. Hii imechoka, nitafutie mteja." Akanionyesha picha za maharusi aliowapiga ufukweni Bagamoyo. Anga safi ya buluu, na ndani yake vidoa sita vya kijivu, kama mtu kadondosha majivu ya sigara. Wiki nzima alikuwa akiifuta lenzi kwa pindo la fulana, na vidoa bado viko palepale.

"Palepale" ndilo neno nililokuwa nikilingoja. Ubovu wa picha una makazi, na mimi kabla ya kushika bisibisi hutafuta unakaa wapi: kwenye lenzi, kwenye mwili wa kamera, au pale mahali picha ilipopigwa. Tukavua lenzi yake, tukavisha yangu. Vidoa vikabaki pembe ileile. Basi lenzi haina kesi. Uchafu umo ndani, juu ya kioo chembamba kinachofunika sensa, kile kibao kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani.

Ukitaka uhakika, piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha kwa f/4. Kwa f/16 vidoa vinajichora vikali. Kwa f/4 vinafifia au kupotea kabisa, na wengine hapo hudhani kamera imejiponya. Namba ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo. Angalia kivuli chako barabarani: jua likiwa wazi kina kingo kali, mbingu ikitanda mawingu hukioni. Punje ya vumbi nayo ni hivyohivyo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo, kivuli chake kinatua wazi. Tundu likiwa pana, mwanga unaijia kutoka pande nyingi na kukifuta kivuli. Kumbuka pia kwamba picha huiangukia sensa kichwa chini, kwa hiyo kidoa cha angani kitafute upande wa chini.

Kukitoa si kazi kubwa. Betri iwe imejaa, chagua kwenye menyu sehemu ya kusafisha sensa, geuza mdomo wa kamera chini, kisha puliza kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Hewa ya kopo nayo iache, inaweza kutema majimaji yakagandia hapo. Kama kidoa kimeng'ang'ania, mpelekee fundi.

Mistari ya giza kwenye picha za ukumbini huwatisha watu zaidi, na mara nyingi kamera haina kosa lolote. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara mbili ya hapo, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera haipokei picha yote kwa mkupuo, huenda nayo mstari kwa mstari. Shata ikiwa 1/1000, mistari mingine inakuta taa imewaka, mingine inaikuta imefifia. Shusha hadi 1/100 au 1/50, kila mstari upate mpepeso mzima. Kama umewasha shata ya kielektroniki, ile isiyotoa mlio, izime. Taa za rangi za jukwaani zina mapigo yake, hizo zijaribu kabla bibi harusi hajaingia.

Picha isiyotulia nayo isome. Vitu vyote vikiwa vimevutika upande mmoja, mkono ulitikisika. Ukuta umetulia ila mchezaji kavutika, yeye ndiye aliyekwenda mbio kuliko shata. Uso umefifia huku pazia la nyuma likihesabika nyuzi, fokasi ilikosea mtu. Chenga ni njaa ya mwanga tu: ongeza taa au fungua tundu la lenzi kabla hujapandisha ISO.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi Unguja na kwenda nje ghafla, lenzi inatoka jasho kama glasi ya maji baridi. Usiifute. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi, ipate joto la nje. Unyevu ukizoea kukaa, huota kuvu: mulika lenzi kwa tochi, utaona nyuzi kama za utando wa buibui. Wapo wanaofukia kamera kwenye mchele ili ikauke. Mchele una unga, na unga ni vumbi.

Vidoa sita vya yule kijana viliondoka kwa mipulizo minne, na kamera hakuiuza tena. Mikwaruzo aliyoiweka kwenye lenzi kwa pindo la fulana bado ipo. Huonekana akipiga kuelekea jua.