Kwa Nini Mifumo Hukataa Namba ya NIDA Isiyotimia Tarakimu 20

Singida – Mwananchi anayeomba ajira serikalini au huduma nyingine kwa njia ya mtandao hutakiwa kuingiza Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Namba hiyo ina tarakimu 20 kamili. Ikipungua au kuzidi hata tarakimu moja, mfumo huikataa.

Hatua hiyo huitwa uhakiki wa urefu. Programu huhesabu tarakimu zilizoandikwa kabla ya kuzipokea, kwa kuwa kila namba rasmi ina idadi yake: Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) ina tarakimu 9, na namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali ina 12.

Hata hivyo, kuhesabu pekee hakutoshi. Kwenye kitambulisho, namba ya NIDA huandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa kwa vistari vitatu. Programu inayohesabu vistari hivyo itapata alama 23 na kuikataa namba iliyo sahihi. Kwa sababu hiyo, mtaalamu anayetengeneza mfumo hupaswa kwanza kuondoa vistari na nafasi, kisha kuhakikisha zimebaki tarakimu tupu, ndipo ahesabu. Aidha, tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba yenye mwezi wa 13 ni batili hata ikitimia 20.

Kosa lililo gumu zaidi kuonekana hutokea kwenye orodha. Mtendaji wa kijiji wilayani Ikungi au Mkalama anapoingiza namba za wananchi katika programu ya majedwali kama Excel, programu huzichukulia kuwa hesabu na kuhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu. Tano za mwisho hugeuka sifuri. Urefu hubaki 20, lakini namba imeharibika, na mwananchi anaweza kukosa huduma bila kujua sababu. Kinga yake ni kuiweka safu hiyo katika muundo wa maandishi kabla ya kuanza kuandika.

Urefu sahihi huonesha tu kwamba namba imeandikwa kikamilifu. Uthibitisho kwamba ni ya mhusika hupatikana kwa kuilinganisha na kanzidata ya NIDA. Mwananchi ambaye namba yake imekataliwa anashauriwa kuihesabu upya akiwa na kitambulisho mkononi, na tatizo likiendelea, afike ofisi ya NIDA ya wilaya yake.